Herufi Moja Mwishoni mwa Neno

Yapata miaka kumi na miwili sasa nafundisha Kiingereza katika shule ya kijiji, na mara nyingi wazazi wameniuliza, "Mwalimu, mbona watoto wetu wanapoteza siku nzima kwa vijineno hivi vidogo, on na in na at? Si heri wafundishwe maneno makubwa yenye maana?" Zamani nalikuwa nikicheka na kuwajibu kwa mzaha. Siku hizi sicheki tena, na sababu yake ndiyo nitakayoieleza hapa, ijapokuwa kuieleza ni kufunua kosa langu mwenyewe.

Kijijini petu yuko bibi mmoja ambaye mjukuu wake alizaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani, ugonjwa uitwao nyayo za kifundo. Mama yake mtoto alikuwa akifanya kazi mjini, naye bibi ndiye aliyekuwa mlezi. Mtoto alipofika umri wa miezi kumi, bibi alishauriwa ampeleke hospitali, akampeleka. Huko alipewa tiba iliyoenezwa na Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, akafariki mwaka 2009. Tiba yenyewe haina makuu. Mganga hunyoosha unyayo taratibu kwa mikono, kisha huufunga kwa plasta ngumu ya jasi ili usirudi ulikotoka. Baada ya juma moja plasta huondolewa, unyayo hunyooshwa tena kidogo, hufungwa plasta nyingine. Na hivyo hivyo juma kwa juma, mara tano au sita au zaidi, mpaka unyayo ukae mahali pake. Nguvu ya tiba hii haimo katika plasta peke yake, bali katika kuibadili kwa wakati wake.

Jioni moja bibi alikuja barazani kwangu, mtoto mgongoni, miguu yote miwili imefungwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nimekuja unisomee kadi hii. Pale hospitali watu walikuwa wengi, na yule muuguzi alisema upesi upesi. Maneno yamenitoka njiani."

Naliichukua kadi. Iliandikwa kwa Kiingereza, maneno machache tu: "New plaster on Fridays, 8 a.m." Sikutumia hata nusu dakika. Nalimwambia, "Bibi, wanasema plasta mpya ni Ijumaa, saa mbili asubuhi." Akashukuru, akaenda zake.

Ijumaa ile alikwenda, plasta ikabadilishwa. Alipotaka kuuliza habari za kurudi, muuguzi alimwambia, "Kadi unayo?" Akajibu, "Ninayo." "Basi fuata kadi." Bibi akarudi kwangu tena, maana ni mtu mwangalifu. "Mwanangu, nitazamie tena, kadi inasemaje?" Nami, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kusoma, nalimjibu hata bila kuishika mkononi, "Ni ile Ijumaa, Bibi, nawe umekwisha kwenda. Sasa ngoja mpaka wakuite."

Akangoja. Zikapita Ijumaa nne. Juma la nne mtoto akawa halali usiku, na vidole vyake vikavimba. Bibi alipokuja kunieleza, moyo wangu ulishituka, nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikafuatana naye hospitali. Plasta ilipokatwa tuliona kidonda kisigino, kwa kuwa mtoto alikuwa amekua na plasta haikukua pamoja naye. Muuguzi aliuliza kwa nini tulichelewa. Bibi akatoa kadi, akasema, "Mwalimu amenisomea." Yule muuguzi akaniangalia, akaweka ukucha wake chini ya neno la nne, akasema kwa upole, "Mwalimu, hii s hukuiona?"

Wasomaji, nalikuwa nimeiona. Macho yangu yalipita juu yake mara ya kwanza. Lakini sikuitafsiri, kwa sababu katika lugha yetu haina pa kukaa. Ijumaa moja ni Ijumaa, na Ijumaa kumi ni Ijumaa. "On Friday" ni siku ya Ijumaa, hasa hii ijayo au ile iliyopita. "On Fridays" ni kila Ijumaa. Na mimi, mwalimu wa Kiingereza, nalisoma ya pili nikasema ya kwanza.

Tuliporudi, ndani ya gari, nalimweleza bibi kosa langu lote, wala sikuficha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza neno ambalo sijalisahau: "Kwani hao Waingereza wanakosa neno la 'kila'?"

Hawakosi. Wanalo, nalo ni "every". Tena angalia jinsi lilivyo: wakisema "every Friday", neno "on" huondoka, na ile s huondoka pia, kwa maana "every" hushika siku mojamoja. Basi wana njia mbili za kusema jambo moja. Ama huhesabu siku mojamoja kwa "every" na kuacha jina katika umoja, ama huzikusanya zote kwa "on" na kulitia jina katika wingi. Wamarekani huwa na njia ya tatu: huacha "on", husema "Fridays" peke yake, kama vile dukani kuandikwa kwamba limefungwa "Sundays". Mwanafunzi akichanganya njia hizi, akaandika "on every Fridays", amebeba mizigo miwili kichwani mara moja.

Swali la bibi lilinifanya nirudi kwenye vitabu vyangu vya chuo, nikapitia upya habari za vile vijineno viitwavyo vihusishi, na jinsi vinavyofuatana na majina ya wingi. Nimeona kwamba makosa mengi ya wanafunzi wetu, na yangu, yametoka katika kisima kimoja: Kiswahili huonyesha wingi na desturi mahali pengine, na Kiingereza mahali pengine. Sisi tukitaka kusema jambo la kila siku twaliweka katika kitendo, mwanzoni kabisa: "Huenda sokoni Jumamosi." Ile hu yatosha, msikilizaji ajua si Jumamosi moja. Mwingereza naye huweza kuliweka mwishoni kabisa, katika mkia wa jina. Kwa hiyo anayesikiliza mwanzo tu wa maneno, kama nilivyofanya mimi, huenda akaachwa njiani.

Nitataja mifano ya matumizi ya kila siku, kwa faida ya wale wanaosomewa barua na wale wanaozisoma.

Kwanza, nyakati. Siku hufuata "on": "on Mondays", "on Sunday mornings". Sehemu za mchana hufuata "in": "in the mornings", "in the evenings". Lakini usiku una njia yake. Bundi huwinda usiku, maisha yake yote, na Mwingereza husema "at night", kwa umoja, ijapokuwa usiku ni nyingi. Mwisho wa juma nao una mambo yake: Mwingereza husema "at weekends", Mmarekani husema "on weekends", wala hakuna aliyekosa. Na mtu afanyaye kazi ya zamu za usiku husemwa kwamba "works nights", bila kihusishi chochote. Ile s ya "nights" wengi huidhani ni ya wingi, kumbe asili yake ni nyingine. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuingia Uingereza mwaka 1066, ilikuwa alama iliyofanya neno "usiku" liwe na maana ya "wakati wa usiku". Alama ile ilipokwisha kusahauliwa katika lugha, watu waliiona s wakaidhania wingi. Hata wenyewe, basi, herufi hii imewahi kuwapotosha.

Pili, makundi. Hapa lugha zetu mbili zakaribiana kwa jambo na kuachana kwa njia. Tukiwapanga watoto uwanjani twasema, "Simameni wawili wawili," nao Waingereza husema "in pairs" au "in twos". Sisi twarudia neno, wao hutia "in" na wingi. Makundi makundi ni "in groups". Mistari mistari ni "in rows". Mafungu mafungu, kama nyanya sokoni, ni "in heaps". Nimeona darasani kwamba mtoto akifundishwa hivi, kwamba pale anaporudia neno kwa Kiswahili aangalie kama Kiingereza chataka "in" na s, hushika upesi kuliko akipewa kanuni ndefu. Lakini awe mwangalifu, maana kuna kurudia ambako Waingereza nao hurudia, na hapo s hairuhusiwi. Nyumba kwa nyumba ni "from house to house". Siku kwa siku ni "day by day". Hatua kwa hatua ni "step by step". Mtu amepita nyumba mia moja, na bado neno limebaki katika umoja.

Tatu, hesabu. Watu mia mbili ni "two hundred people", wala "hundred" haipati s. Lakini wakija kwa mamia, hapo ni "in hundreds" au "in their hundreds". Mayai yakiuzwa kwa dazeni, ni "by the dozen", kwa umoja, hata ukiuza dazeni ishirini. Basi mwone mwenyewe: "in" imependa wingi, "by the" imependa umoja. Kihusishi ndicho kilichochagua. Idadi ya vitu haikuulizwa.

Nne, viungo vya mwili na njia za kusafiri. Hapa ndipo wanafunzi wangu hunichekesha, nami huwachekesha wao. Sisi twatembea kwa miguu, na ndiyo haki, kwa kuwa miguu ni miwili. Mwingereza hutembea "on foot", kama kwamba anao mmoja. Mtoto wa darasa la sita aliniandikia kwamba huja shuleni "by foots". Nalimwuliza alilipata wapi, akajibu, "Mwalimu, ulisema kwa basi ni by bus, basi nikahesabu miguu yangu." Akili yake ilikuwa njema, lugha ndiyo iliyomdanganya. Kadhalika shati lililoshonwa kwa mikono ni "by hand", si "by hands". Walakini, ukisema "on my feet", kwa wingi, maana yake si kutembea bali kusimama, kama mpishi aliyeshinda kutwa amesimama mekoni. Na ukisema mgonjwa yuko "in good hands", umesema ametunzwa na watu wema na hodari. Kwa hiyo "on foot" na "on my feet" zaonekana ndugu wa tumbo moja, kumbe kila moja ina nyumba yake.

Tano, umri na miaka. Mwanafunzi mmoja, akieleza habari zangu katika insha, aliandika, "My teacher is in his thirty." Alitaka kusema kwamba nimo katika miaka ya thelathini, yaani nimevuka thelathini na sijafika arobaini. Hapo sharti iwe "in his thirties". Angeandika "in thirty years", angekuwa amesema baada ya miaka thelathini, nami nisingejua kama ni heri au shari. Kadhalika miaka ya 1940 ni "in the 1940s", lakini mwaka wenyewe 1940 ni "in 1940". Sisi huonyesha tofauti kwa neno "miaka". Wao huionyesha kwa ile s ndogo tu. Asiyeiangalia huweza kuuhesabu mwaka mmoja kuwa kumi, au kumi kuwa mmoja.

Sita, maneno yasiyokubali kabisa jina la umoja peke yake. "Among", yaani miongoni mwa, hutaka wingi au kundi. "Between", yaani baina ya, hutaka angalau wawili, na asili yake yatokana na hesabu ya mbili. Nalifundishwa chuoni kwamba "between" ni ya wawili tu na "among" ni ya wengi. Kanuni hiyo yasaidia, ila si kamili, kwa maana mkataba wa nchi tatu, kila moja ikihesabiwa peke yake, huitwa "between" pia bila kosa. Na "one of" hutaka wingi sikuzote: "one of my friends". Kosa la "one of my friend" nimelisahihisha mara nyingi mno, nami najua latoka wapi. Twasema "mmoja wa rafiki zangu", na neno rafiki halikubadilika hata kidogo; wingi umo katika "zangu". Mtoto amelichukua neno kama lilivyo, akaliacha lile lililobeba wingi nyuma.

Hata vile viishio vyetu vya mahali humeza idadi. "Shuleni" ni katika shule moja au katika shule zote za nchi. "Nyumbani" ni kadhalika. Si upungufu wa lugha yetu, maana maneno mengine katika usemi hutueleza. Lakini anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza sharti ajiulize swali ambalo Kiswahili hakikumuuliza: Je, ni moja au ni nyingi? Na anayetoka Kiingereza kuja Kiswahili sharti ajiulize: Ile s niliyoiona, nimeiweka wapi? Kama sikuiweka katika "hu", wala katika "kila", wala katika "zangu" na "zote", basi nimeiangusha njiani, na mwenye mzigo hatajua kwamba umepungua.

Mimi naliiangusha, na mtoto ndiye aliyelipa. Ilibidi kidonda kipone kwanza kabla ya kufunga plasta tena, na nyayo zikawa zimeanza kurudi zilikotoka. Tiba ikaanzwa upya. Kila Ijumaa, na nasema kila, nalimwandikia bibi siku na tarehe katika karatasi, kwa Kiswahili, na jina la mwezi. Plasta zikaenda saba. Kisha akatiwa viatu vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma, ambavyo kwanza huvaliwa mchana na usiku, na baadaye usiku tu, mpaka mtoto afike kama umri wa miaka minne. Karatasi ya viatu nayo iliandikwa kwa Kiingereza. Nalikaa nayo saa nzima. Ilisema "at night", nami nikajua kwamba ingawa hakuna s, hapo ni usiku wote, wala si mmoja. Na hata hivyo nilimuuliza muuguzi kwanza, ndipo nikamwambia bibi.

Kwa wale wanaoandika kadi na barua za kuwapa watu wa vijijini, ningependa kusema kwa heshima: andikeni kwa Kiswahili. Ikiwa hapana budi kuwa Kiingereza, andikeni "every Friday", na tarehe zake chini, maana "every" ni neno zima, huonekana hata na mwenye haraka. Kwa walimu wenzangu nasema: tusiwe wepesi wa kusoma kwa ajili ya watu. Anayekuletea karatasi hana njia ya kukusahihisha. Ameleta macho yako mahali pa yake. Na kwa wazazi walioniuliza kwa nini watoto hushinda na on na in na at, hili ndilo jibu langu.

Mtoto yule sasa anakwenda. Unyayo wa kulia bado wainama kidogo achokapo. Bibi yake huja barazani kwangu na karatasi zake kama zamani, nami sijui kama ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Lakini yeye naye amejifunza. Nikimaliza kusoma huniambia, "Haya, mwanangu, sasa nionyeshe mikia ya maneno." Nami huweka kidole changu chini ya kila mkia, mmoja mmoja, mpaka aridhike.